Wakuu, hawa jamaa wametuwekea MAKOFI kwenye albamu mpya!

GizaNene_Dom:
Salaam wakuu, ingawa mimi si salama.

Albamu imetoka usiku wa kuamkia leo. Mnajua ni ya nani, jina silitaji, mdomo utaniwasha. Nimenunua bando la usiku, nimeshusha yote, nimevaa hedifoni, nimezima taa. Nyimbo mbili za kwanza hazina shida: gitaa linatambaa, besi inatikisa hadi magego, nikasema wazee wamerudi. Ukaja wa tatu. Dakika ya sita gitaa likakata. Kimya. Nikajua sasa kinashuka kitu kizito, nimeshika kingo za kitanda. Kinachoshuka ni MAKOFI. Pa! Pa! Papapa! Na watu wanaitikia "ooo-oo-oo" kama wanazindua duka la simu pale Jamatini.

Makofi wakuu. Kwenye doom metal, muziki wa magitaa mazito ya mwendo wa polepole!

Hivi hawa wanajua muziki huu umetoka wapi? Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17. Akajitengenezea vikofia vya plastiki, akarudi kwenye gitaa. Baadaye akalegeza nyuzi, ndiyo ule uzito wa Black Sabbath ya 1971. Mtu kaacha vidole kiwandani tukapata muziki huu, halafu wewe mwenye vidole kumi kamili unavitumia kupiga makofi?

Bendi ya Sleep walirekodi wimbo mmoja wa doom wa zaidi ya saa nzima. Tafuta kofi humo, ukilipata nakupa shamba la zabibu.

Na asije mtu hapa na habari za "msanii anakua". Akue. Dodoma nzima mashabiki wa doom tunaenea bajaji moja, na leo bajaji yote imenuna. Kila nikifumba macho nasikia pa, pa, papapa.

ZabibuChungu:
Pole mkuu. Ila dakika sita zote ulikuwa unasubiri nini? Mimi dakika sita nimeshamaliza singeli mbili na shati limelowa.

GizaNene_Dom:
Wewe kanywe maji ulale. Nimesema gitaa LIMEKATA, mtu umejiandaa, unaletewa makofi.

Mjukuu_wa_Zeze:
Vijana wa Area C mnahangaika sana na Wazungu. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, alikuwa na zeze na ilimba yake ya kupiga kwa vidole gumba, Wazungu wenyewe ndio waliomfuata. Albamu yake Chibite ilitoka 1996 kwa Real World, lebo ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Kama unataka uzito nenda Chamwino ukasikie akina mama wakipiga muheme, zile ngoma zinakukalia kifuani. Na makofi Wagogo tunapiga, hatujawahi kumnyima mtu usingizi.

GizaNene_Dom:
Mzee wangu shikamoo. Makofi ya Wagogo yana kazi, yanashika mwendo, na kila mkono una sauti yake. Haya ya hawa jamaa nimeyarudia kwa hedifoni: ni kofi moja lilelile limebandikwa na kompyuta mwanzo mwisho. Halina mtu! Ndicho kinachoniuma.

Mjukuu_wa_Zeze:
Marahaba. Hapo sasa nimekuelewa. Hiyo ni dharau.

Bati_la_Nkuhungu:
Afadhali wewe umefika wimbo wa tatu. Mimi bando limekata kwenye wa kwanza. Nimeunga usiku, asubuhi naletewa meseji nimetumia asilimia 100. Nimetumia saa ngapi na mimi nilikuwa nakoroma?

KimbungaChaVumbi:
Wezi wale. Ila mwizi kamili ni mwenye nyumba wangu. Wapangaji wanne mita moja, yeye ana friji, pasi na jiko la umeme, mimi nina taa na chaja. Luku ikiisha anapita mlangoni: "tugawane sawa wanangu". Sawa na nani?

ZabibuChungu:
Wangu kaweka kufuli kwenye bomba. Anafungua saa kumi na moja alfajiri, ukichelewa unaoga vumbi.

GizaNene_Dom:
Wakuu turudi kwenye mada. Makofi.

Bati_la_Nkuhungu:
Mada ni luku sasa. @KimbungaChaVumbi fungeni mita ndogo kila chumba. Nenda maduka ya umeme pale Majengo, ulizia za mtumba ila ijaribu kwanza, nyingine zinahesabu hata umezima.

KimbungaChaVumbi:
Anayelipa fundi ni mpangaji au mwenye nyumba?

ZabibuChungu:
Mpangaji 😂 hapo umeshaliwa.

GizaNene_Dom:
Kuna mtu yeyote humu amesikiliza wimbo wa tatu??

KimbungaChaVumbi:
Bati, njoo PM unipe namba ya fundi wa hizo mita.