Shemeji anataka jina langu kwa tenda za kaunti, nikubali?

Fundi wa Langoni: Assalaam aleykum. Niko Amu, nashona sare za shule na mapazia ya nyumba za wageni, nina wasichana wawili wa kunisaidia. Shemeji yangu amesikia kuna asilimia 30 ya tenda za serikali za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Anataka tusajili kampuni ya ujenzi kwa jina langu. Pesa zake, kazi aendeshe yeye, mimi nitie sahihi tu, kila tenda anipe shilingi 10,000. Mume wangu asema ni ndugu, tusimvunje moyo. Mimi silali. Na kuna dalali ataka 6,000 atutolee cheti cha AGPO, ule mpango wa hiyo asilimia 30. Nishaurini.

Mama Vikoi, Malindi: Dada, usikubali! AGPO inataka wanawake wamiliki angalau asilimia 70 na uongozi wote uwe mikononi mwao. Akiendesha yeye ni udanganyifu, na sahihi ni yako. Mimi nilimwazima mtu jina. Siku naomba cheti cha kodi kwa kazi yangu mwenyewe nikanyimwa, kumbe ritani za miaka miwili hazikupelekwa. Nililia. Shemejio kama ni ndugu kweli, akukopeshe pesa za vitambaa, muandikiane.

Nahodha wa Mokowe: Huyo dalali mkimbie. Kujisajili AGPO ni bure, mtandaoni. Uwe na kitambulisho, cheti cha biashara, PIN na cheti cha kodi. Wa saiba mlipe kazi ya kuskani, basi.

Bi Shuka: Mwanangu, ujenzi wakuhusu nini na cherehani unayo? Hospitali zataka shuka, shule zataka sare. Anza na kotesheni ndogo. Ukiwa na cheti cha AGPO huitishwi dhamana ya benki, wajaza fomu ya tamko. Ukipata LPO, yaani oda ya maandishi ya serikali, na huna mtaji, kaulize Women Enterprise Fund, mfuko wa serikali wa wanawake, wana mkopo wa LPO. Lakini malipo ya serikali huchelewa sana, miezi na miezi. Usichukue kazi itakayomaliza akiba ya watoto. Na bei yako itie usafiri wa boti na punda, wengi husahau hapo wakapata hasara.

Fundi wa Langoni: Allah awalipe. Nitazungumza na mume wangu leo baada ya isha. Nina jina la biashara nililosajili peke yangu, latosha au lazima kampuni?

Nahodha wa Mokowe: Latosha. Tumia hilo hilo.