Kola mbili za simba madume upande wa Ndabaka: nitajuaje kama ni kikundi kimoja au wanapishana tu?

Kijana wa Pasiansi
Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Nachambua data za mafunzo za simba madume wawili waliovishwa kola za GPS (mikanda ya shingoni inayorekodi mahali walipo) magharibi mwa Serengeti, kati ya geti la Ndabaka na Mto Grumeti. Nikichora maeneo wanayozunguka, la mmoja linalalia la mwenzake karibu lote. Kuna vipindi vya siku tatu au nne wanakuwa mbali zaidi ya kilomita kumi, kisha wanakutana tena. Halafu yupo dume wa tatu asiye na kola anayeonekana kwenye picha, mara peke yake, mara na mmoja wao. Je, kulaliana kwa maeneo kunatosha kusema ni kikundi kimoja? Zile siku za mbali niandike wametengana? Na huyu wa tatu anaingiaje kwenye hesabu? Msimamizi anataka pia niseme kama ni ndugu.

Nukta na Ramani
Kulaliana kwa maeneo hakutoshi hata kidogo. Mahasimu wawili wanaweza kutumia korongo moja usiku tofauti na ramani ikaonekana vilevile. Kinachothibitisha ushirika ni kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo anza na saa.

Kola nyingi huhifadhi muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa. Ongeza saa tatu upate saa ya Afrika Mashariki. Kisha pitia daftari la doria: aliyeandika "saa 3 usiku" anamaanisha 21:00, siyo 03:00. Ukizipachika bila kubadili, unamlinganisha simba wa jioni na simba wa alfajiri, na hakuna programu itakayokustua.

La pili ni mfumo wa ramani. GPS hutoa kodineti za mfumo wa WGS84, lakini ramani zetu za zamani za karatasi zipo kwenye mfumo mwingine, Arc 1960, na tofauti huku kwetu inakaribia mita 300. Hiyo ni zaidi ya umbali wenyewe unaoutafuta! Badilisha kila kitu kiwe WGS84, UTM kanda ya 36 Kusini (gridi ya ramani inayohesabu kwa mita), ndipo upime.

Sasa waite madume wako wenye kola A na B, uoanishe nukta zao (mahali kola iliporekodi) zilizochukuliwa ndani ya dakika kumi. Zisizo na mwenza zitupe, usizikisie katikati. Pima umbali wa kila jozi, chora mgawanyo wake. Wakiwa wenza kweli utaona rundo karibu na sifuri na rundo jingine mbali. Bonde lililo kati ndilo mpaka wako wa "pamoja". Watu wengi hutumia mita 200, lakini kwenye vichaka vya Grumeti acha data ikuongoze. Tuseme una jozi 400 na 300 zimo ndani ya mpaka: kiwango cha kuwa pamoja ni 0.75.

Usiishie hapo. Sogeza tarehe za B mbele kwa siku kumi, kumi na tano, ishirini, saa ibaki ileile, upige hesabu upya kila mara. Kama 0.75 inashuka hadi 0.05, wanatafutana. Kama inashuka hadi 0.6 tu, kuna maji au kivuli kinachowavuta wote na hujathibitisha kitu.

Askari wa Mbalageti
Hapo kwenye siku tatu au nne usiandike "wametengana". Sababu ya kawaida kabisa ni jike aliye kwenye joto. Dume mmoja humganda jike huyo siku hadi nne, halali mbali naye, huku mwenzake akiendelea kuzunguka mipaka, kunguruma na kuacha alama za mkojo. Sababu nyingine ni kwamba kikundi kimoja cha madume kinaweza kumiliki makundi mawili ya majike, wakagawana usiku. Ngurumo husikika hadi kilomita nane hali ya hewa ikiwa tulivu, kwa hiyo umbali unaouona mkubwa kwenye ramani kwao unaweza kuwa bado ni mazungumzo. Angalia wanavyokutana tena. Wenza husogeleana, husugua vichwa na kulala wakigusana. Wageni hawafanyi hivyo, mmoja atakimbizwa au damu itamwagika. Kwenye kola, kufukuzana huonekana kama mistari miwili iliyonyooka ikifuatana, kisha mmoja anahama eneo moja kwa moja.

Kuhusu wa tatu: kwanza uwe na uhakika ni simba yuleyule. Manyoya ya shingo yasikudanganye, hubadilika kwa umri, afya na majeraha. Tumia vidoa vya sharubu. Juu ya safu ya juu kabisa ya sharubu kuna vidoa vichache vilivyojitenga. Idadi yake, na mahali kila kimoja kilipo ukilinganisha na vidoa vya safu ya chini yake, ndiyo alama yake ya maisha. Kushoto na kulia havifanani, hivyo kila simba anahitaji picha mbili za uso, moja kila upande, zilizopigwa ubavuni kabisa, mdomo umefungwa. Uso ukigeuka kidogo tu vidoa vinaonekana kusogea na unampa simba mmoja majina mawili. Mbinu hii ilichapishwa na watafiti Pennycuick na Rudnai mwaka 1970 na imewasaidia sana watafiti wa simba wa Serengeti, kazi aliyoianzisha George Schaller mwaka 1966. Ongezea michaniko ya masikio na chonge zilizovunjika, lakini hizo ni za nyongeza.

Nukta na Ramani
Naongezea hapo. Picha za waongoza watalii ni hazina, ila omba faili halisi. Picha ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida inapoteza muda na mahali ilipopigwa. Waambie waitume kama dokumenti. Saa ya kamera nayo hakiki: wapige picha ya skrini ya GPS siku hiyohiyo, utajua imekosea kwa dakika ngapi.

Na usihesabu mara ambazo wa tatu alipatikana kwa kufuata mawimbi ya kola. Ukimfuata A kwa antena, kila utakayemwona atakuwa "na A". Tumia tu alizoonekana bila msaada wa kola: kamera za mtego (zinazojipiga zenyewe mnyama akipita), magari ya watalii, doria. Kila alipoonekana, tazama nukta ya A na ya B iliyo karibu zaidi kwa wakati. Idadi ya kuwa na A gawa kwa mara zote alizoonekana, kisha fanya vivyo hivyo kwa B. Kiwango hicho usikiweke jedwali moja na kile cha kola, njia za kupima ni tofauti.

Mama Vinasaba
Mwanangu, andika "wenza". Usiandike "ndugu" mpaka uwe na rekodi za kuzaliwa au vinasaba kutoka kwenye kinyesi kibichi, nywele au damu iliyochukuliwa siku ya kuvisha kola. Madume huondoka walikozaliwa wakiwa na miaka miwili na nusu hadi minne. Kikundi cha wanne na kuendelea karibu daima ni ndugu waliokua pamoja. Wawili au watatu mara nyingi yumo asiye ndugu, aliyeokotwa njiani. Utafiti wa 1991 wa mtaalamu wa simba Craig Packer na wenzake ulieleza sababu: kwenye vikundi vikubwa baadhi ya madume karibu hawazai kabisa, na kukubali hali hiyo kuna faida pale tu watoto wanaozaliwa ni wa ndugu zako. Wawili hugawana uzazi kwa usawa zaidi, kwa hiyo hata mgeni anafaidika.

Wala usiseme undugu umethibitika kwa sababu wanapigana upande mmoja. Majaribio ya kupiga ngurumo zilizorekodiwa, yaliyochapishwa 1995, yalionyesha madume huwaendea wavamizi pamoja, wawe ndugu au wasiwe. Wanachokilinda ni kikubwa: dume mgeni akishinda huua watoto ili majike warudi kwenye joto mapema. Wengi hushika kundi miaka miwili au mitatu tu. Simba maarufu Bob Junior, aliyeuawa Serengeti na madume vijana Machi 2023, alidumu muda mrefu zaidi akiwa na mwenzake Tryggve.

Kijana wa Pasiansi
Asanteni sana. Kola ya B ina mapengo mengi mchana, usiku iko sawa. Nizijaze?

Askari wa Mbalageti
Usizijaze. Mchana dume analala chini ya kichaka, mara nyingi ubavu au chali, antena inatazama chini na haioni setilaiti. Kola ikizunguka, betri, ambayo ndiyo uzito wa kuivuta chini, ikaja juu, antena hubaki chini na tatizo huweza kuendelea. Fanya uchambuzi wa ushirika kwa nukta za saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi peke yake, kwa wote wawili, na uliandike hilo kwenye mbinu zako.

Ila mapengo yakiambatana na nukta zilizokaa palepale kutwa kucha, piga simu kwa walioivisha kola leo hii. Upande huu nyaya za majangili ni nyingi, na dume aliyenasa shingo au mguu hana siku nyingi za kusubiriwa. Na tafadhali, kodineti zenyewe usiziweke hapa, hata za wiki iliyopita. Ramani ya ripoti yako iwe ya miraba ya kilomita tano kwa tano.