Waliokwenda mabarazani na waliobaki vijijini India, 1922–1928

MwalimuJinja: Nafundisha historia sekondari. Gandhi alipofungwa Machi 1922, Congress, chama kilichodai uhuru wa India, kiligawanyika vipi? Na kusokota uzi kulimsumbuaje mkoloni? Wanafunzi wangu wanajua pamba ya kupeleka jineri tu, kiwandani inakotolewa mbegu.

Okello_K: Mwalimu, anzia mkutano wa Congress mjini Gaya, Desemba 1922. C.R. Das, aliyekuwa rais wa mkutano, alitaka wagombee viti vya mabaraza ya kutunga sheria ili wayakwamishe kutoka ndani. Akashindwa kwa kura 890 dhidi ya 1,748. Tarehe 1 Januari 1923 yeye na Motilal Nehru wakaunda chama cha Swaraj, yaani kujitawala. Rajagopalachari, Vallabhbhai Patel na Rajendra Prasad wakashikilia kususia mabaraza na kufanya kazi za vijijini. Novemba 1923 Swaraj walipata viti 42 kati ya 101 vya kuchaguliwa katika baraza kuu. Wakakataa bajeti, lakini gavana mkuu alikuwa na mamlaka ya kuipitisha peke yake. Njia ile ilikuwa na kikomo tangu mwanzo.

Namukasa: Kuhusu uzi: kwenye mkutano wa Congress wa Belgaum, Desemba 1924, ada ya uanachama ya ana 4 (ana ni sarafu ndogo ya India) iliondolewa, mwanachama akatakiwa kuleta yadi 2,000 za uzi kila mwezi. Uzi wa namba 20 maana yake ratili moja hutoa mashada 20 ya yadi 840, kwa hiyo yadi 2,000 ni gramu 54 hivi. Pamba ni kidogo, kazi ndiyo nyingi. Isipochanuliwa vizuri, uzi unatoka na vinundu. Ukisokotwa kwa ulegevu, unakatika kwenye kitanda cha mfumi, naye hautaki tena. Tena sheria iliruhusu kuleta uzi uliosokotwa na mwingine, basi wenye pesa wakanunua. Septemba 1925 ana 4 zikarudi, mtu achague ada au uzi.

Okello_K: Basi kususia mabaraza nako hakukuzaa kitu?

Namukasa: Hapana ndugu yangu, tazama Bardoli, wilaya ya wakulima huko Gujarat. Wafanyakazi wa Congress walikaa pale miaka kadhaa na ashram zao (makazi ya pamoja), khadi (kitambaa cha uzi wa mkono) na shule. Kodi ya ardhi ilipopandishwa asilimia 22, Patel mwaka 1928 aliwakuta watu wanaofahamiana na kuaminiana, wakagoma kulipa hata serikali ilipowakamatia nyati wao wa kufugwa. Uchunguzi ukaishusha nyongeza hadi asilimia 6.03.

Mwalimu, omba jineri pamba iliyokwisha tolewa mbegu, tengeneza pia (kisokotio) ya kijiti chenye kisahani chini, kila mwanafunzi asokote yadi 10. Aanze na uzi mnene. Mwembamba utamkatikia mkononi.