Kapu la mistari usiku wa kesha: ni ahadi ya Mungu au ni ramli?

Mwenye mada, Tudor
Bwana asifiwe. Desemba 31 haiko mbali. Katika makanisa kadhaa hapa Mombasa, ikishapita saa sita usiku wa kesha, washirika hupanga foleni mbele ya kapu lenye vikaratasi vilivyokunjwa. Kila kikaratasi kina mstari mmoja wa Biblia. Utakachochota ndicho "neno lako la mwaka". Kuna watu huuza shamba, husafiri Saudia au huchumbia kwa kutegemea kikaratasi hicho. Hoja yangu: kapu liondolewe. Wa kuunga na wa kupinga, leteni Maandiko.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili, Kisauni
Liondolewe. Hebu tuanze na namna linavyotengenezwa. Mtu mmoja hukaa mbele ya kompyuta, akateua mistari kama hamsini, akaichapa, akaikata kwa mkasi. Kanisa likiwa na watu 300, kila mstari utarudiwa mara sita. Na huteuliwa ipi? Yeremia 29:11, Isaya 43:2, Zaburi 91, Kumbukumbu la Torati 28:13. Amosi 5:18 haumo, ule wa "Ole wenu ninyi mnaoitamani siku ya BWANA". Kwa hiyo hata ukichota umefumba macho, kuna mwenzio aliyekuchagulia akiwa amefumbua yake.

Halafu kuna mkasi wenyewe. Kumbukumbu 28:13 inasema utakuwa kichwa, si mkia, na papo hapo inaweka sharti: ukiyasikiza maagizo ya BWANA. Kikaratasi huishia kwenye kichwa na mkia. Someni Mathayo 4:6 mkiwa na Zaburi 91:11 pembeni. Ibilisi alinukuu zaburi hiyo, akaruka maneno "katika njia zako zote". Kukata mstari katikati ni kazi ya zamani, na mwenye kuianza mnamjua.

Wanaofungua Biblia ovyo wakaweka kidole nao hawajasalimika. Kitabu kikubwa kikiachiwa hufunguka karibu na katikati, yaani Zaburi, au pale gundi ya mgongo ilipolegea kwa kufunguliwa mara nyingi. Ndiyo maana ni nadra kidole kuangukia orodha za majina za 1 Nyakati. Na kikiangukia Walawi 14, ukoma wa nyumba, mtu hufunga akajaribu tena. Hapo amechagua mwenyewe.

Dada wa Maombi, Changamwe
Mwalimu, umeongea kama Mungu hawezi kutumia mkasi. Napinga hoja. Mithali 16:33 inasema kura hutupwa, lakini hukumu zake zote ni za BWANA. Mathiya, aliyeshika nafasi ya Yuda, alipatikana kwa kura, Matendo 1:26. Na Agostino, yule mwalimu wa kanisa la kale, kule Milano mwaka 386, alisikia sauti ya mtoto ikimwambia atwae asome, akafungua nyaraka za Paulo, macho yakaangukia Warumi 13:13-14, akaokoka. Mtamwambia naye alipiga ramli?

Tena mfikirieni mama anayefungua kibanda Kongowea alfajiri na kukifunga usiku. Kikaratasi kile atakikariri mwaka mzima. Mkikiondoa, mtampa nini badala yake?

Kijana wa Kwaya, Mikindani
Dada kanena! Ila na wale wa "aya ya leo" kwenye simu? Kila asubuhi mtu anasema Mungu kanitumia.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili, Kisauni
Aya ya siku kwa kawaida hupangwa na wahariri na kutumwa kwa wote. Uliyopata wewe ndiyo aliyopata jirani yako mnayegombania mpaka wa kiwanja. Sasa nani kaambiwa apige hatua?

Mzee wa Kanisa, Likoni
Wanangu, Dada ameleta mifano mizito, haifai kupitwa juu juu.

Anzeni na Mathiya. Kabla ya kura, Petro alitaja sifa: awe amefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana hadi Yesu alipopaa (Matendo 1:21-22). Mkutano wa watu kama 120 ukasimamisha wawili, wakaomba, ndipo kura ikaamua kati ya wawili ambao wote walifaa. Kura ilikuja mwisho kabisa. Na baada ya Pentekoste sioni tena katika Matendo kanisa likipiga kura kutafuta mapenzi ya Mungu. Wale saba wa sura ya 6 walichaguliwa kwa sifa njema, Roho na hekima. Mzozo wa tohara wa sura ya 15 ulimalizwa kwa hoja, ushuhuda na andiko la Amosi.

Agostino naye: kitabu alichofungua alikuwa akikisoma tayari, na mstari ulimwamuru aache ulevi na ufisadi, jambo ambalo Maandiko yanamwamuru kila mtu. Haukumwambia auze shamba. Alipokuwa askofu alimwandikia mtu aitwaye Januario kwamba hapendezwi na watu kutumia kurasa za Injili kama kura kwa shughuli za dunia, ingawa ni afadhali hivyo kuliko kukimbilia mashetani. Mtaguso wa Agde, yaani mkutano wa maaskofu huko Ufaransa mwaka 506, ulikataza kabisa ubashiri wa namna hiyo. Sisi watu wa pwani tusijifanye wageni: mganga wa falaki hufungua kitabu chake, na mpiga bao husoma alama zake mchangani. Tofauti ya Mkristo na hao haitokani na jina lililo kwenye jalada.

Sasa chukueni swali la siku hizi, "Niende Saudia?" Mmoja anachota Mwanzo 26:2, Isaka anaambiwa asishuke Misri. Mwingine anachota Mwanzo 46:3, Yakobo anaambiwa asiogope kushuka Misri. Nchi ni ile ile, Mungu ni yule yule, na amri zinapingana. Hakuna kosa hapo. Isaka alikuwa anaikimbia njaa, akaambiwa akae. Yakobo alikuwa mzee anayemfuata mwanawe Yusufu aliyetangulizwa huko kuwaokoa. Ukiukata mstari kutoka kwa mtu aliyeambiwa, unabaki na sauti isiyo na mwenyewe.

Anayetaka uongozi afanye hivi. Kwanza aandike swali lake kwa sentensi moja. Ajiulize: jambo hili Maandiko yameliamuru, yamelikataza, au yameliacha huru? Lililokatazwa halihitaji mfungo wa siku tatu. Lililo huru, kama kazi ipi au mtaa upi, apime kwa hekima, Yakobo 1:5, kisha awapelekee watu wawili watatu wasionufaika na uamuzi wake. Andiko lolote linalomgusa, asome sura nzima na iliyotangulia, atafute nani anaambiwa, kwa nini, na kwa sharti gani. Kisha angoje. Yeremia 42 watu waliomba uongozi, na neno likaja baada ya siku kumi. Shida yao ni kwamba walikuwa wamekwisha kuamua kwenda Misri. Walitaka muhuri tu, na jibu lilipokuja tofauti wakamwita nabii mwongo.

Shemasi, Makupa
Naongeza la Gideoni, maana linatumiwa vibaya hapo kivukoni kwako, Mzee. "Nikikuta feri imetia nanga, ni Mungu." Feri huja na kwenda mchana kutwa, hiyo ni ishara gani? Gideoni alikuwa amekwisha kuambiwa wazi aende (Waamuzi 6:14). Ngozi ya kondoo, aliyoomba ilowe umande huku ardhi ikiwa kavu, ilikuja baadaye, kwa hofu yake. Na sufu hunyonya umande kwa asili yake, ndiyo maana akaomba mara ya pili ardhi ilowe na ngozi ikauke.

Na mlango uliofungwa pia si jibu daima. Krapf, mmisionari Mjerumani, alikuja kukaa Mombasa 1844. Julai hiyo hiyo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao upande wa Nyali. Angesoma matukio kama ishara, angepanda jahazi arudi kwao. Alibaki, akaendelea kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, na 1846 akafungua kituo Rabai pamoja na mmisionari mwenzake Rebmann.

Dada wa Maombi, Changamwe
Mzee wangu, la kura nimelipokea. Lakini 1 Wathesalonike 5:20 inasema msitweze unabii. Mkiweka hatua hizi zote, Roho atasemea wapi?

Mzee wa Kanisa, Likoni
Binti yangu, soma na wa 21: "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema". Na 1 Wakorintho 14:29, manabii wanene wawili au watatu, wengine wapambanue. Kapu halina wa kupambanua. Tangu Shakahola 2023, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, miili zaidi ya 400, sidhani mtu wa pwani anahitaji kuelezwa linalotokea sauti moja inapokosa wa kuipima. Na mstari ukimwambia mgonjwa wa kisukari aache insulini, anayeihitaji kila siku anaweza kuwa mahututi ndani ya siku chache. Mwaka hautafika hata Februari.

Dada wa Maombi, Changamwe
La dawa sina ubishi. Kapu bado nalitaka, ila tulirekebishe. Badala ya mstari, tuchape fungu zima. Yeremia 29:1-14 yote inaingia karatasi moja ya kawaida: jengeni nyumba, pandeni bustani, uombeeni mji, msiwasikilize manabii wenu, miaka sabini, ndipo "mawazo ya amani". Nyuma tuandike maswali matatu ya Mzee: nani, kwa nini, sharti gani. Na wasiojua kusoma wapangiwe wa kuwasomea ile Jumapili ya kwanza ya Januari.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili, Kisauni
Hapo hujabakisha kapu, Dada, umeanzisha darasa. Na Amosi 5 utaitia?

Dada wa Maombi, Changamwe
Naitia. Uje Changamwe uwe wa kwanza kuchota.