Mrejesho: boriti zilizooza, nyumba ya Mji Mkongwe

Niliuliza kuhusu sakafu ya ghorofa ya kwanza iliyobonyea upande wa bafu. Asanteni mlionishauri kuchokonoa ncha za boriti kabla ya kubomoa. Katikati zote ngumu kama chuma. Ukutani, boriti 4 kati ya 11 bisibisi ilizama hadi mpini. Chanzo ni bomba linalovuja, na plasta ya saruji iliyofungia unyevu kwenye ukuta wa chokaa.

Mirunda (nguzo za muda za kushikilia) ilisimamishwa chini ya boriti zote, si zile mbovu tu, maana mawe na chokaa vya juu ni vizito mno. Kisha zile mbovu zinabadilishwa moja moja. Boriti mpya ni mkandaa (aina ya mkoko) mkavu, ulioambuliwa gome, sm 15 ndani ya ukuta kila upande. Tundu moja lichimbwe kina maradufu: boriti inasukumwa humo kwanza, halafu inarudishwa upande wa pili. Ncha ikalie jiwe bapa, na kichwani ibaki nafasi ya vidole viwili ipite hewa. Fundi wa kwanza alitaka kuiziba nafasi hiyo kwa saruji. Hapo ndipo uozo ungeanza upya.

Mirunda bado ipo. Chokaa haina haraka ya kukauka.