Mrejesho: Yule mbwa mdogo aliyekuwa analia usiku kucha

Wakuu, habari za siku. Wiki tatu zilizopita niliuliza kuhusu mbwa wangu wa wiki saba, hapa Njiro, Arusha: alikuwa analia usiku mzima na kuharisha. Asanteni kwa majibu.

Kuharisha kumeisha. Kosa lilikuwa langu, nilimjaza maziwa ya ng'ombe nikidhani ndiyo mapenzi, kumbe mbwa wengi tumbo lao haliwezi sukari ya maziwa. Daktari wa mifugo alimpa na dawa ya minyoo, tukarudia baada ya wiki mbili. Kesho yake baada ya dozi ya kwanza nikakuta vitu kama tambi kwenye gazeti, vingine bado vinajinyonganyonga. Chai ilinishinda. Sasa anakula ugali laini na dagaa mara nne kwa siku, bila chumvi wala kitunguu.

Aliyenishauri chupa ya maji ya moto, ubarikiwe. Naifunga kwa kanga kuukuu, naiweka kwenye boksi lake kando ya kitanda. Baridi ya Julai huku si mchezo. Usiku wa nne alikuwa kimya. Mama mkwe ndiye bado ananuna kwamba mbwa analala ndani. Dawa yake sijaipata.

Chanjo ya parvo (virusi vinavyoharisha na kuua watoto wa mbwa) kapata ya kwanza, ya pili wiki ijayo. Ya kichaa cha mbwa inasubiri atimize miezi mitatu. Kwa sasa hatoki getini, anamalizia hasira kwenye kandambili zangu.