Muuzaji wa matairi kaniambia "65 kwa 65, hakuna kinachobadilika". Mita inasoma 84, tochi imesoma 87!

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Gari langu lilitoka kiwandani na matairi 195/65R15. Yalishakuwa vipara, nikaenda kununua mapya. Muuzaji akanishawishi nichukue na rimu za inchi 16 kabisa, juu yake matairi 215/65R16, eti gari linyanyuke kidogo, lipendeze. Nikamuuliza, tena mara mbili: mita ya spidi haitaathirika? Akaweka kidole kwenye maandishi ya tairi la zamani, kisha akakihamishia kwenye jipya. "Bosi, si unaona? 65 kwa 65. Hakuna kinachobadilika."

Nikaridhika kama zuzu.

Wiki ya tatu nikapigwa tochi ya trafiki. Kibao kinasema 80, tochi imesoma 87, mshale wangu uko kwenye 84. Najua kuna watakaorukia hapo hapo: "84 nayo si umezidisha?" Ngojeni. Gari hili nimelipima kwa GPS ya simu mara nyingi sana. Kwa matairi ya zamani, mita ikisoma 84, mwendo halisi ulikuwa kama 81. Mita za kiwandani huwa zinazidisha kidogo kwa makusudi, kwa sababu Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu mita ionyeshe pungufu ya mwendo halisi. Kuzidisha inaruhusu, mwisho asilimia 10 ya mwendo halisi na kilomita 4 kwa saa juu yake. Mimi nilishajizoesha kuila hiyo nafasi. Hapo kosa ni langu, faini nimelipa, yaishe. Lakini haya matairi yameila nafasi yote na kutokea upande wa pili, na hakuna aliyeniambia.

Sasa hiyo 65. Jamani, hiyo si milimita! Ni asilimia ya upana wa tairi. Asilimia 65 ya 195 ni kama milimita 127 za ubavu. Asilimia 65 ya 215 ni karibu 140. Namba ile ile, ubavu umeongezeka milimita 13, na unauhesabu mara mbili, juu na chini. Ongeza na ile inchi moja ya rimu: tairi la zamani lina kipenyo cha milimita 634, jipya 686. Ongezeko la asilimia 8. Mtu anauza matairi kila siku ya Mungu na hajui namba iliyoandikwa ubavuni inasema nini!

Kwa kuwa sikutaka kubishana kwa mdomo, Jumapili nilitoa spea, ambayo bado ni ile ya kiwandani na haijawahi kutembea, nikafungua na tairi moja la mbele. Nikachora alama ya chaki chini ya kila moja na kuyaviringisha sakafuni mzunguko mmoja mmoja. Spea imekwenda mita 1.99. Jipya mita 2.15. Sentimita 16 kwa kila mzunguko, na mita haizioni kabisa, kwa sababu gari halipimi barabara, linahesabu mizunguko. Kiwandani limeambiwa mizunguko kama 502 ni kilomita moja. Sasa kilomita inaisha kwa 464, lakini lenyewe bado linasubiri 502.

Nikamrudia muuzaji na hesabu zangu kwenye karatasi. Hakuitazama. Akasema sensa ya spidi imekufa, niache gari anibadilishie. Hapo ndipo nilipotaka kupasuka. Sensa ni nzima! Inahesabu vizuri kabisa, kilichobadilika ni kinachohesabiwa. Ukiweka sensa mpya itahesabu mizunguko ile ile na kukupa uongo ule ule, ila sasa umeulipia.

Nilipokumbuka nyuma, dalili zilikuwepo. Safari yangu ya kazini, kwenda na kurudi ni kilomita 40, ilianza kusoma 37. Nikadhani nimechelewa kubonyeza kitufe cha tripu. Ulaji wa mafuta nao ulionekana umepanda ghafla, nikailaumu petroli, kumbe lita nazigawanya kwa kilomita zilizoibwa. Sevisi ya kila 5,000 naifanya karibu na 5,400. Mlimani gari limekuwa zito, kama mtu kaongeza urefu wa gia. Nikikata kona kali tairi linasugua fenda, jamaa akaniambia "litajizoesha". Litajizoesha vipi, fenda si kiatu!

Na hiyo spea sasa ni mzigo tu. Nikipata pancha mbele nikaifunga, upande mmoja una tairi dogo kuliko mwenzake na difu, zile gia zinazoruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko mwenzake kwenye kona, haitapumzika hata kwenye njia iliyonyooka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba rimu za inchi 16 hazikuwa tatizo. Angenifungia 205/55R16, kipenyo ni 632, tofauti haifiki hata milimita 3 na mita isingeshtuka. Namba ya katikati ilitakiwa ishuke, yeye akaing'ang'ania 65 kwa sababu zinafanana machoni. Nimeomba anibadilishie, anasema yameshatembea, hapokei.

Kuna mtu humu ameshawahi kuingiziwa saizi mpya ya tairi kwenye kompyuta ya gari mpaka mita ikasoma sawa, au nikubali hasara ninunue 205/55 nyingine? Na tafadhali, asije mtu kuniambia nibadilishe sensa.